Ghorofa kwa udongo mbaya Kisumu ama Nakuru: namna ya kuchagua mtu wa msingi

Kama ploti yako iko Nyamasaria, Nyalenda, Dunga ama ukiteremka hivi kuelekea Ahero, jua uko na udongo mweusi wa pamba ama tope lililoletwa na mito na ziwa, na maji hayako mbali chini. Huo udongo ukinyeshewa unafura, jua la Januari likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia, na nyumba iliyokaa juu yake inapanda na kushuka nao hadi kuta zinaanza kuchora nyufa. Nakuru nako shida ni ingine kabisa, ni majivu ya volkeno, yakikauka ni magumu unaapa ni mwamba lakini maji yakipata njia chini yanayabeba na ardhi inabonyea. Wengi mnakumbuka ule ufa wa Machi 2018 kwa barabara ya Mai Mahiu–Narok, wanajiolojia walibishana sana kama ni Bonde la Ufa linapanuka ama ni mvua ilifagia majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Kwa hivyo mtu akikuambia yeye anachimba paili (zile nguzo za konkriti za msingi zinazoshuka chini sana) Kenya nzima, muulize ameshachimba udongo kama huu wako wapi, na chini alipata nini.

Tafuta mtu wa hapa, na nikisema mtu wa hapa simaanishi binamu yako, wala yule aliyesoma na mkubwa wako. Mashine kubwa za kuchimba paili nyingi zinatoka Nairobi kwa lobedi, lile lori refu la kubeba mashine nzito, na hiyo si shida, shida ni gharama ya kuileta tu. Anayefaa kuijua ardhi ya hapa ni injinia wa udongo, yule anayesoma chini kabla mashine haijapanda lori. Huyo akifika kwa ploti utamwona anaangalia nyumba za jirani zimepasuka upande gani, anauliza wamama wa hapo kisima chao kinakauka mwezi gani, anauliza kama kulikuwa na choo cha shimo ama timbo la mawe lililozikwa. Yule anayeshuka kwa gari na kusema "bosi, mita nane zinatosha" kabla shimo hata moja halijatobolewa, mpe soda aende.

Karatasi ziangalie mapema, hazichukui muda. Injinia jina lake litafute kwa orodha ya Engineers Board of Kenya, iko kwa mtandao, na uhakikishe leseni yake ni ya mwaka huu, na isome vizuri manake grajueti injinia pia wako kwa orodha lakini hawaruhusiwi kufanya kazi peke yao na kuweka sahihi. Kontrakta naye yuko kwa orodha ya NCA (mamlaka ya kitaifa ya ujenzi), angalia daraja lake linaruhusu kazi ya ukubwa wako, na mradi wenyewe usajiliwe huko NCA kabla ya kuanza. Kama hujui mtu yeyote, jaribu kuuliza idara ya uinjinia wa ujenzi pale Masinde Muliro Kakamega, watu wanaofundisha hii kitu wanajua nani anaifanya vizuri upande huu.

Sasa kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Anayepima udongo asiwe ndiye anayechimba paili. Paili inalipwa kwa mita, kwa hivyo ukimpa kontrakta mmoja apime, achore na achimbe, wewe mwenyewe unajua mita zitaelekea wapi. Mlipe wa udongo kando, ripoti iwe yako, halafu ndio uipeleke kwa injinia wa stracha, yule anayechora msingi na nguzo za nyumba, na baadaye kwa makontrakta watatu hivi wakupe bei wakiwa wamesoma kitu kimoja.

Na ripoti yenyewe ujue kuisoma kidogo. Kile kipimo cha nyundo kinachoitwa SPT, nyundo ni kilo 63.5, inaangushwa kutoka sentimita 76 ikipiga bomba liingie ardhini, zile sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi, halafu wanahesabu mapigo ya kuingia sentimita 30 zinazofuata. Udongo laini utaona mapigo mawili matatu, ukigumu unaona thelathini, hamsini. Ukiona mashimo matatu yote yana namba zilezile kila kina, shuku, ardhi haiko hivyo. Taka picha za mashine ikiwa kwa ploti yako, si ploti ya mtu mwingine, taka makaratasi ya maabara yanayoonyesha udongo unafura kiasi gani, kama kuna salfeti ya kula simiti, na maji yalikutwa mita ngapi NA MWEZI GANI. Hiyo ya mwezi wengi wanairuka. Maji ya Februari si maji ya Mei, na 2020 ziwa lilipanda mpaka likaingia nyumba za ufuoni, kwa hivyo anayejua Kisumu atachora akitarajia maji yawe juu kuliko alivyoyapata. Nakuru pia, wale wa karibu na Ziwa Nakuru wameona vile ziwa limekula mashamba tangu miaka ya 2010 ikianza.

Jambo lingine ni mawe. Ukienda Seme pale Kit Mikayi ama Maragoli unaona mawe makubwa yamekaa juu ya ardhi, basi na chini yako hivyo hivyo, yamezungukwa na udongo. Mashine inagonga jiwe, mtu anaandika "mwamba", anafunga kazi anaenda nyumbani. Injinia anayejua upande huu hatakubali, atataka watoboe ndani ya hilo jiwe na kutoa kipande kirefu, mita tatu hivi, ndio ajue ni mwamba ama ni jiwe tu limelala kwa tope. Muulize hiyo waziwazi, jibu lake litakuonyesha kama amekaa na hizi ardhi ama amezisoma tu.

Mtaalamu mzuri pia atakuambia kama huhitaji paili, na mimi huyo ndiye naamini zaidi. Nyumba ya chini tu kwa udongo mweusi, mara nyingi unachimba udongo wote mbaya unautoa kama si mrefu sana, unajaza marramu ukishindilia kwa tabaka, ama unaweka msingi wa slabu moja nzima. Paili zinaingia ukiwa na ghorofa kadhaa na udongo mzuri uko mbali. Kuna pia paili za kitako kilichopanuliwa, Wahindi walizitengeneza kwa udongo mweusi kama wetu, kitako kinakuwa kama mara mbili na nusu ya upana wa nguzo, kinashika chini pale udongo haufuri. Nzuri sana pahali pakavu, lakini Dunga penye shimo linajaa maji na kuta zinaanguka hicho kitako hakitasimama, mtu akikuuzia hiyo karibu na ziwa ujue hajui anachofanya.

Ukifika kwa kontrakta wa paili maswali ni ya kazi yenyewe. Shimo likianza kuanguka mnazuia na nini, bomba la chuma ama bentonaiti, ule uji wa udongo maalum wa kushikilia kuta? Tope lililobaki chini mnalisafisha vipi kabla ya kuweka keji ya vyuma, manake paili iliyokaa juu ya tope inazama hata kama konkriti ni nzuri aje. Kukiwa na maji, konkriti inamwagwa kwa bomba refu la tremi ikianzia chini huku mdomo wa bomba ukibaki ndani ya konkriti, ama mnamwaga tu kutoka juu? Akisema wanamwaga kutoka juu kwa maji, malizana naye hapo hapo. Na mixa ikiharibika katikati, ya pili iko wapi?

Bei iandikwe kwa mita, na bei ya mwamba iandikwe kando kabla ya kuanza, pia siku ambayo mashine imesimama kwa sababu ya mvua nani analipa, hapo ndio vita nyingi huanzia. Majaribio yaingie kwa BQ, ile orodha ya kazi na bei zake, tangu mwanzo. Kila paili ipimwe kwa kugongwa kichwani kuona kama imekatika ndani, na angalau moja ibebeshwe uzito, mara nyingi mara moja na nusu ya ule itabeba. Bakisha pesa kiasi mpaka hayo matokeo yaletwe kwa karatasi yenye sahihi ya injinia wako, si ya kontrakta.

Halafu weka mtu wako saiti, anayejua kuandika. Kila paili na ukurasa wake: tarehe, kina, udongo uliotoka kila mita, maji yalipoonekana, konkriti iliyoingia ikilinganishwa na iliyotarajiwa. Ikiingia nyingi kupita kiasi kuna pango ama kuta zilianguka, ikiingia kidogo paili yako imebanwa mahali. Injinia aione hiyo karatasi jioni hiyohiyo, kabla shimo linalofuata halijachimbwa kesho.