Kabla hujanunua balbu ya LED soma hapa kwanza

Ndugu zangu wa Mtwara, ukifika dukani usiulize tu "ya wati ngapi", maana wati ni umeme inaokula, mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni na boksi zuri linaandika. LED ya wati 9 inatoa kama lumeni 800, karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60, sasa piga hesabu ukiwasha masaa matano kila siku, ya zamani inakula uniti 9 kwa mwezi, LED haifiki hata moja na nusu.

Rangi nayo iangalie. Kelvini ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga, 3000 ni ule wa njano njano, chumbani safi sana, 6500 ni mweupe wa kubluu, mi sebuleni unaniumiza macho kabisa.

Wenye biashara tafuteni CRI 90, yaani kipimo cha taa inavyoonyesha rangi halisi ya vitu, mwisho ni 100, hii wengi hawaijui. Shemeji yangu anauza vitenge, mteja kachukua kitenge anajua cheusi, kutoka nje juani kumbe bluu iliyoiva, karudisha palepale. Tumebadili taa, kelele zimeisha.

Ya nje, hasa Shangani au Mikindani karibu na bahari, chukua yenye IP65, yaani imezibwa vumbi na maji yasiingie, chumvi inamaliza taa haraka. Na usiifungie kwenye kava lisilopitisha hewa, joto linaua saketi ya ndani. Angalia pia holda yako, ya pini au ya kuzungusha, halafu mwambie muuzaji aiwashe, imulike na kamera ya simu, ukiona michirizi mikali inatembea ujue mwanga wake unapepesa, iache hapohapo.