Nakili hadidiski nzima kwa Clonezilla kabla msimu wa wageni haujaanza

Ofisi nyingi ndogo za utalii hapa Arusha zinategemea kompyuta moja au mbili. Humo mna ratiba za safari, ankara, picha, na programu ya hesabu ambayo fundi aliyeiweka alishahama mji. Wenyewe huniambia faili zao wamezihifadhi kwenye flashi, na ni kweli. Lakini hadidiski ikifa Julai, wageni wameshatua uwanja wa ndege wa KIA, faili peke yake hazitoshi: utapiga Windows upya, utatafuta leseni, utaanza kuunganisha printa. Nakala ya diski nzima hurudisha kompyuta jinsi ilivyokuwa. Ifanye sasa, masika, kazi ikiwa chache.

Mimi natumia Clonezilla. Ni programu ya bure ya kunakili diski, imetengenezwa Taiwan, na kwenye diski ya Windows hubeba sehemu zenye data tu, tena huzibana. Kwa hiyo diski ya GB 500 iliyojaa GB 120 haihitaji eksteno (diski ya nje ya USB) ya GB 500.

Hatua ya 1: Vifaa na umeme. Tafuta flashi ya GB 2 au zaidi (itafutwa yote) na eksteno yenye nafasi. Utakapofika wakati wa kuchomeka eksteno (hatua ya 5), tumia tundu la USB 3, mara nyingi la buluu. Kwa USB 2, GB 100 huchukua kama saa nzima. Laptopu ichajiwe ijae. Kompyuta ya mezani ina shida zaidi, maana UPS (betri ya akiba) ndogo hushika dakika chache tu. Umeme ukikatika katikati, nakala hiyo itupe uanze upya.

Hatua ya 2: Andaa Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha zima kompyuta kabisa. Usipofanya hivyo Windows huacha diski ikiwa nusu usingizini na Clonezilla inaweza kuikataa. Kabla ya kuzima, andika pia `manage-bde -status` uone kama BitLocker, yaani kufuli la Windows linalosimba diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, nakili funguo yake ya dharura kwenye karatasi, kisha izime na usubiri diski ifunguliwe yote. La sivyo nakala itabeba kila kipande cha diski, hata kitupu.

Hatua ya 3: Flashi. Pakua faili ya ISO ya Clonezilla, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus.

Hatua ya 4: Washa kwa flashi. Kompyuta inapowaka, bonyeza kitufe cha kuchagua flashi: Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, HP hutumia F9.

Hatua ya 5: Chagua chanzo na mahali pa kuhifadhi. Hapa usiharakishe. Chagua "device-image", kisha "local_dev", halafu chomeka eksteno. Swali la kwanza ni wapi nakala itawekwa: jibu ni eksteno. Endelea na "Beginner", kisha "savedisk", na uipe nakala jina lenye tarehe. Swali linalofuata ni diski ipi inakiliwa: jibu ni ile ya kompyuta. Majina yake ni sda, sdb au nvme0n1, na hayakwambii lolote, kwa hiyo soma ukubwa na aina ya diski iliyoandikwa pembeni. Ukiona neno "restoredisk", usiliguse leo. Hilo huandika juu ya diski na kufuta kilichomo.

Hatua ya 6: Kubali ukaguzi. Itakuuliza kama ikague nakala ikimaliza. Wengi hukataa ili wawahi nyumbani. Kubali. Nakala isiyokaguliwa mimi siihesabu kuwa ipo, kwa sababu kasoro yake utaijua siku umeshapoteza diski ya kwanza. Kama eksteno itatoka nje ya ofisi, chagua pia kuifunga kwa nenosiri. Humo mna pasi za kusafiria za wageni.

Diski ikianza kulia tiki-tiki au Windows ikigandaganda, usianze na Clonezilla. Ipeleke kwa fundi anayejua ddrescue, programu ambayo hukwepa sehemu mbovu na kuokoa kwanza zile nzima.

Eksteno isikae droo moja na kompyuta: mwizi huchukua vyote. Kama ofisi iko Sakina, iweke nyumbani Njiro. Na unaponunua hadidiski ya akiba ya kurudishia, iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Clonezilla kwa kawaida hukataa iliyo ndogo, hata kama data ingeenea.