Rekodi mbili za onyesho moja: jinsi ya kuzioanisha na kuzichanganya

Rekodi iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye miksa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti za jukwaani, huwa safi lakini kavu. Mwimbaji unamsikia kama yuko sikioni, ila vigelegele hakuna. Katika ukumbi mdogo, besi na ngoma nazo hufifia, kwa kuwa hujitosheleza jukwaani na fundi mitambo hana sababu ya kuzipitisha kwenye miksa. Rekodi iliyonaswa katikati ya watu ina uhai wote, lakini maneno yamezama. Kwenye taarabu, ambako maneno ndiyo yanayowainua watu kwenda kutunza, kukosa moja kati ya hizi ni hasara kubwa.

Anza kwa kugeuza faili zote ziwe WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 24, 48 kHz. Vinasa sauti vingi vidogo hukata faili inapofika gigabaiti 2, yaani baada ya kama saa 2 na dakika 4 kwa stereo ya kiwango hicho. Viunge vipande hivyo kwanza. Kisha fungua programu ya kuhariri sauti ya Audacity, weka rekodi ya miksa juu na ya ukumbini chini yake.

Tafuta sauti fupi na kali inayosikika kwenye zote mbili. Makofi ya watu hayafai, kwani kila mmoja anapiga kwa umbali wake. Bora utumie "p" au "t" ya mwimbaji, hata kama fimbo za mpiga ngoma zinaonekana wazi zaidi kwenye mchoro wa mawimbi. Kukiwa na joto la nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Ngoma iliyo mita 4 nyuma ya spika itachelewa kumfikia mnasaji kwa milisekunde zipatazo 12 kuliko sauti ya mwimbaji inayotoka kwenye spika. Huwezi kuzipatanisha zote mbili, kwa hiyo chagua mwimbaji. Kuza mchoro mpaka uone milisekunde moja moja, kisha sogeza rekodi ya ukumbini.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Kila kinasa kina saa yake ya ndani, na saa mbili hazilingani kamwe. Nyimbo mbili za kwanza zitakaa vizuri, ya tatu itakuwa na mwangwi, na mwisho wa onyesho utasikia waimbaji wawili wakifukuzana.

Dawa yake ni kupima. Chagua alama moja mwanzoni na nyingine karibu na mwisho, kisha soma muda kati yake kwenye kila rekodi. Tuseme miksa inaonyesha saa 1, dakika 32 na sekunde 10.400, yaani sekunde 5530.400, na ukumbi sekunde 5530.620. Tofauti ni 0.220, gawanya kwa 5530.4, zidisha kwa 100, upate asilimia 0.00398. Rekodi ya ukumbini ndiyo ndefu, kwa hiyo iongezee kasi kwa kiasi hicho. Programu ikikubali tarakimu tatu tu baada ya nukta, andika 0.004, kosa litakalobaki ni kama milisekunde 1. Tumia amri inayobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Ile inayobadili mwendo tu huunda mawimbi upya na kufifisha mapigo makali. Ukimaliza, oanisha mwanzo tena, kwa sababu alama yako imesogea kidogo.

Sasa kagua katikati. Mwanzo na mwisho vikikaa sawa lakini katikati kumepinda, huenda mnasaji wa ukumbini alitembea: akisogea mita 2 tu, tayari kuna tofauti ya kama milisekunde 6. Kata kwenye kimya kati ya nyimbo na usogeze kila wimbo peke yake.

Ukiwa bado unasikia mwimbaji kama anaimba ndani ya bomba, tofauti ni ndogo mno kuwa mwangwi lakini inatosha kula sauti. Milisekunde 1 hutoboa shimo kwenye 500 Hz, lingine kwenye 1500, na kuendelea. Sogeza kwa vipande vya robo ya milisekunde mpaka mwimbaji anenepe. Jaribu pia kugeuza mawimbi ya rekodi moja juu chini. Sauti nzito zikirudi, iache hivyo.

Katika kuchanganya, weka miksa katikati na stereo ya ukumbini pande zote. Shusha ya ukumbini desibeli 6 chini ya miksa, kisha ipandishe taratibu, na usimame mara tu maneno yanapoanza kupoteza ukali. Besi itoke kwenye rekodi moja tu: kama imo kwenye miksa, kata rekodi ya ukumbini chini ya 100 Hz, kama haimo, kata ya miksa. Kati ya nyimbo, pandisha ukumbi desibeli 3 au 4 kwa muda wa sekunde 2 ili vigelegele viingie, na uushushe kabla ya ubeti. Kinasa kilichoachwa kijipangie kiwango chenyewe kitakuwa kimeshapandisha makofi kupita kiasi. Hapo fanya kinyume chake.

Sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa, kwenye spika ya simu. Mwimbaji akififia, rudi kwenye kuoanisha. Asipofifia, hakikisha kilele hakipiti desibeli -1, toa faili ya WAV, na zile mbili za asili zihifadhi bila kuzigusa.