Jedwali la Stata liende Word bila kunakili namba kwa mkono

Wenzangu wa Moshi mnaochakata data za wakulima wa kahawa kwa Stata (programu ya takwimu), acheni kuhamisha wastani mmoja mmoja. Andika:

table (kata) (jinsia), statistic(mean kilo) nformat(%9.1f mean)
collect export kahawa.docx, replace

Tangu toleo la 17 (2021), amri ya table huweka matokeo yake kwenye mkusanyiko (collection, hifadhi ya matokeo ndani ya Stata), ndiyo maana Word inapata jedwali halisi: kila kata na mstari wake, desimali moja tu. Ukiendesha table nyingine kabla ya kuhamisha, ile ya kwanza inapotea, na hapo ndipo wengi tunaumia. Ongeza name(kahawa1) mwishoni mwa amri ya table kuitunza. Faili likiwa wazi kwenye Word, Stata inagoma. Toleo la 16 halielewi mpangilio huu. Huko ni table kata jinsia, contents(mean kilo).