Somo: Dawa ya pumu ifike kifuani, isiishie ulimini

Juzi binti wa jirani alikuja kwangu na inhela ya bluu mkononi, lile kopo la dawa ya pumu ya kuvuta, amenuna. Eti haifanyi kazi, na hiyo ni ya pili mwezi huu. Nikamwambia hebu vuta nikuone. Akaitia mdomoni, akabonyeza mara tatu mfululizo, na wingu jeupe likatoka pembeni mwa midomo kama la mvuta sigara. Akafumba mdomo, akameza mate. Dawa yote imebaki ulimini, na ulimi hauugui pumu.

Mimi si daktari. Nina pumu tangu darasa la tatu, na mwanangu wa kiume naye anayo. Tunaishi Iringa, na wenyeji mnaijua baridi ya Juni na Julai, tena ndiyo miezi ya kupukuchua mahindi, kwa hiyo baridi na vumbi vinatukuta pamoja. Haya ninayoandika nimefundishwa kliniki na nimeyarudia hadi mikono imezoea. Dozi yako ni ile uliyoandikiwa wewe, usichukue ya kwangu.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo moja wengi hawaambiwi. Mwenye pumu, hata siku anayojisikia mzima, njia zake za hewa huwa zimevimba kidogo kwa ndani. Akipata mafua, akivuta moshi wa kuni au akilala kwenye godoro lenye vumbi, misuli inayozizunguka inajibana, uvimbe unaongezeka na ute mzito unajaa. Hewa inaingia kwa shida, na kutoka ndiyo shida zaidi. Ndiyo maana ile filimbi ya kifuani unaisikia hasa mtu anapotoa pumzi.

Kwa hiyo dawa ni mbili na kila moja ina kazi yake. Salbutamol, ambayo mara nyingi inhela yake ni ya bluu, inalegeza misuli. Unaisikia ndani ya dakika chache, na nguvu yake inakaa saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Beclometasone, ambayo mara nyingi ni ya kahawia, inatuliza uvimbe, lakini polepole, kwa siku na wiki, na inatumika kila siku hata kama huumwi. Soma jina kwenye kopo, usitegemee rangi, maana viwanda havifanani. Watu wengi hutupa ya kahawia wiki ya kwanza kwa sababu "sisikii kitu". Hukutakiwa kusikia kitu.

Kutengeneza chupa

Ili dawa isiishie ulimini, inhela huvutwa kupitia kifaa kiitwacho speza. Cha kiwandani kina bei, na si kila duka la dawa linacho. Chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha. Hili lilipimwa: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha kwenye jarida la Lancet jaribio walilofanya kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na speza ya dukani. Chupa isiyozibwa ilipungukiwa, na kikombe cha povu kikawa cha mwisho.

1. Chukua chupa ngumu kidogo, yenye kitako kilicho bapa. Za soda zenye vidole vitano kitakoni zinasumbua kutoboa, za maji ni rahisi zaidi.

2. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela yako: ule mviringo ulionyooka kidogo. Pima kwa kuubandika juu ya inhela yenyewe. Acha mkia mrefu wa kushikia, uushike kwa koleo au kitambaa kinene.

3. Pasha waya motoni, kisha ukandamize kwenye kitako kwa sekunde kama kumi hadi plastiki iyeyuke. Fanyia nje, na mwenye pumu akae mbali. Mimi mara ya kwanza nilijifanya fundi ndani ya jiko, nikaishia kuitafuta hiyo hiyo inhela niliyokuwa naitengenezea chupa.

4. Tundu likiwa bado la moto, chomeka inhela ili plastiki ishike umbo lake. Lazima ikaze. Ikicheza, zungushia gundi au utepe wa plasta hadi hewa isipite pembeni.

5. Osha chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, uiache ikauke yenyewe kwa kuning'inia. Usiifute kwa kitambaa! Plastiki ikisuguliwa inapata umeme ule unaonasa nywele kwenye kitana, na umeme huo unaigandisha dawa ukutani mwa chupa. Rudia kuosha hivyo kila wiki.

Kuvuta

Kaa wima au simama. Toa kifuniko cha inhela na uchungulie ndani. Nilishakuta punje ya mahindi humo, na mtoto alikuwa karibu kuivuta. Tikisa vizuri, chomeka kwenye chupa. Toa pumzi yote taratibu. Weka mdomo wa chupa katikati ya meno, ufunge midomo kuuzunguka. Bonyeza mara MOJA. Utaona ukungu mweupe ukielea ndani ya chupa. Huo ndio unaoutaka kifuani. Vuta polepole hadi mwisho, shikilia pumzi ukihesabu hadi kumi, kisha achia. Asiyeweza kushikilia, na mtoto pia, avute na kutoa kwa utulivu mara tano au sita bila kuondoa mdomo.

Kama umeandikiwa mara mbili, subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Kubonyeza mbili kwa pamoja ni kuzigonganisha, unapata pungufu. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo, wa chini ya miaka minne hivi, anahitaji kifuniko cha uso kinachoziba pua na mdomo. Ukimaliza dawa ya kahawia sukutua na uteme, la sivyo unaweza kupata utando mweupe mdomoni.

Maswali ya wanachama

*Dada, mama mkwe anasema mtoto akianza inhela ndiyo basi, ataizoea na hataacha. Ni bora kwanza tujaribu vidonge na dawa ya maji. Ni kweli?*

Shikamoo yangu mfikishie mama mkwe, ila hapa sikubaliani naye. Inhela si ulevi wala si hatua ya mwisho. Salbutamol ya kunywa inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima ndipo ifike kwenye mapafu. Inachelewa, na njiani inatetemesha mikono na kupiga moyo mbio. Ya kuvuta inafika panapouma kwa kipimo kidogo sana: bonyezo moja ni mikrogramu 100, wakati kidonge kimoja cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000. Mara arobaini!

Nadhani hofu hii imetokana na yale tunayoyaona mtaani. Mtu anabanwa miaka mingi, inhela anapewa siku yuko taabani, akifariki watu wanasema "alipoanza tu inhela, hakukaa". Pumu isiyotibiwa ndiyo iliyomuua. Kuna hofu moja tu ya haki: ukijikuta unaifuata ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, uvimbe haujatulia, rudi kliniki uulizie ya kuzuia, yaani ile ya kutuliza uvimbe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haupendekezi tena mtu mzima wala kijana kutibiwa kwa ya bluu peke yake.

*Mwanangu ana miaka sita, mchana anacheza vizuri, usiku wa manane anakohoa hadi anatapika. Filimbi sisikii. Inaweza kuwa pumu?*

Inaweza. Pumu ya watoto mara nyingi ni kikohozi kikavu cha usiku au alfajiri, au kinachokuja akikimbia na akicheka sana. Andika kwenye daftari siku alizokohoa na kilichokuwapo: mafua, paka kitandani, mmefagia, mmewasha dawa ya mbu ya kuchoma. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya "anakohoa sana". Lakini kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa chenye homa, jasho la usiku au kukonda, apimwe kifua kikuu kwanza. Pumu haiambukizi, kifua kikuu kinaambukiza.

*Mimi niko Tanga, nimeolewa kwenye nyumba ya udi na ubani. Kila Alhamisi jioni kifua kinaniuma. Nikisema wananiona najidai.*

Pole dada. Moshi ni moshi, uwe wa kuni, wa sigara au wa udi wa gharama. Usiende na hoja ya kukataza, utaonekana umekuja kubadili nyumba ya watu. Omba chetezo kifukize nguo na vyumba wewe ukiwa nje, madirisha yafunguliwe, na wewe uingie moshi umeshatoka. Marashi wapake ya mafuta badala ya kupuliza. Mwambie mumeo aliseme yeye kwa mama yake, likitoka kwake lina uzito mwingine. Na ya kahawia usiiruke, maana kifua kilichotulia kinavumilia moshi kidogo bila kufunga.

*Mwezi wa Ramadhani je? Inhela inafunguza?*

Kwa hukumu ya dini muulize shehe wako, kwa kuwa wanazuoni wamehitilafiana: wapo wanaosema haifunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na wapo wanaosema inafunguza. Upande wa dawa ni mwepesi. Ya kuzuia ya mara mbili kwa siku inaangukia daku na futari bila taabu. Ukibanwa mchana vuta ya bluu hapo hapo, usingoje magharibi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine.

*Nina mimba ya miezi minne, nimeacha dawa zote nisimdhuru mtoto.*

Rudi kliniki kesho. Mtoto anategemea hewa unayoivuta wewe, na kubanwa kunamdhuru kuliko dawa hizi za kuvuta.

*Kuna dawa nyingine za kuepuka?*

Ndiyo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi ya wenye pumu. Kama ziliwahi kukubana, usizirudie, sema na duka la dawa. Propranolol ya presha au ya mapigo ya moyo ni hatari kwetu, hata kama jirani imemfaa. Kila unapoandikiwa dawa tamka "nina pumu" kabla hujaulizwa.

*Mzee wangu hubanwa usiku, na zahanati iko mbali. Tufanyeje tukisubiri usafiri?*

Hili mlijue nyumba nzima. Mkalishe wima, ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya meza au magotini. Asilazwe. Legeza nguo, fungua dirisha, watu wasimzunguke. Mpeni ya bluu kwa chupa, bonyezo moja moja, kila moja na pumzi zake, mara 4 hadi 10. Kama hajapata nafuu mrudie baada ya dakika 20, na hivyo hivyo kwa saa ya kwanza, huku mkiwa tayari mmeita bajaji. Mtoto wa chini ya miaka sita aanze na mbili, kila dakika 20. Msimfukize mvuke wa sufuria: hauifungui pumu, na nimeona mtoto akiungua kifua kwa maji hayo.

Msisubiri dakika 20 zozote mkiona hamalizi sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinazama ndani kila akivuta, midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu, au amekuwa mzito kama mwenye usingizi. Na hili linawadanganya wengi: filimbi ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hajapona. Hewa haipiti tena ya kupiga filimbi. Ondokeni, mkiendelea kumpa dawa njiani.

*Nitajuaje inhela imeisha? Mimi naitia kwenye maji nione kama inaelea.*

Acha hiyo. Kopo linaelea hata likiwa limebaki gesi tupu isiyo na dawa, na maji yanaziba tundu. Ukitikisa ukasikia "chwa chwa" nayo haithibitishi kitu. Hesabu. Kopo nyingi ni bonyezo 200, idadi imeandikwa ubavuni. Ukivuta mbili asubuhi na mbili jioni, 200 gawanya kwa 4 ni siku 50. Siku unayolifungua, chukua kalamu ya wino mzito uandike kwenye plastiki tarehe ya siku ya hamsini. Yangu ya sasa imeandikwa tarehe 14, na nyingine tayari iko kabatini.