Jinsi ya Kudhibiti Sukari Inayopanda Baada ya Kula

Mtu mwenye kisukari anaweza kupima kila asubuhi, akakuta milimoli 6 kwa lita na kuridhika, kumbe sukari yake hufika 14 kila baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hajawahi kuipima. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, kiwango kinacholengwa ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 katika saa moja hadi mbili tangu kuanza kula. Mashine inayosoma kwa miligramu huonyesha 80 hadi 130, na chini ya 180. Daktari akikupangia kiwango kingine, hasa kwa mzee au mjamzito, fuata hicho.

Anza kwa kupima mara mbili katika mlo mmoja: kabla ya tonge la kwanza, kisha saa mbili tangu tonge hilo, wala si tangu ulipomaliza kula. Nawa mikono kwa maji na sabuni uikaushe, kwa maana maji ya embe yaliyobaki kidoleni huweza kuipandisha namba isivyo kweli. Andika katika daftari namba zote mbili pamoja na ulichokula na kiasi chake. Kwa kuwa vijiti vya kupimia ni ghali, ni afadhali kuuchunguza mlo mmoja kwa siku tatu au nne kuliko kupima ovyo ovyo, kwani namba moja isiyo na mwenzake haikuelezi chakula kimekufanyia nini.

Wagonjwa wengi huambiwa waache ugali kabisa, ushauri ambao naona ni mgumu kuufuata na hauna ulazima, kwa sababu jambo kubwa ni kiasi. Chukua sahani ya kawaida, ujaze nusu yake mchicha, matembele, kabichi au mboga nyingine za majani, robo iwe samaki, kuku, mayai au maharage, na robo iliyobaki iwe ugali au wali. Viazi, mihogo na ndizi za kupika navyo ni wanga, kwa hiyo vikiwapo mezani vinaingia katika robo hiyo hiyo, haviongezwi juu yake. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado utaipandisha sukari. Mnapokula pamoja katika sinia, omba upakuliwe sehemu yako pembeni, maana katika sinia hakuna anayeweza kujua amekula kiasi gani.

Mpangilio wa kula nao una nguvu: mboga na samaki wakitangulia tumboni, wanga huingia katika damu polepole zaidi. Kwa mla ugali hili si rahisi, kwani tonge ndilo linalochota mboga. Basi kula kwanza bakuli la mboga au kachumbari, ndipo uusogeze ugali. Juisi, hata iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa sukari, huipandisha sukari haraka kuliko chungwa lenyewe, na uji mwepesi unaonywewa kikombe baada ya kikombe hufanya vivyo hivyo.

Ukimaliza kula usilale. Tembea dakika 10 hadi 15, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu.

Kuhusu dawa, insulini ya kawaida, ile iitwayo “regular” au “soluble”, huchomwa takriban dakika 30 kabla ya kula, ilhali aina zinazofanya kazi haraka huchomwa karibu zaidi na chakula. Muulize mhudumu wako unatumia ipi. Usijiongezee dozi kwa sababu ya namba moja mbaya, bali peleka daftari lako kliniki. Anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) akitetemeka na kutokwa jasho, au sukari ikishuka chini ya 4, anywe mara moja vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15.

Sukari ikizidi 14 ikaambatana na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi au usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na kama unatumia insulini usiiache kwa sababu tu umeshindwa kula.