Kupata mahali pa kitu kwa tofauti ya muda wa mawimbi ya redio: anza kwa kupima sifuri

Wimbi la redio husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde, na ndani ya takwimu hiyo moja zimo faida na taabu zote za jaribio hili. Katika mikrosekunde moja wimbi huwa limekwenda takriban mita 300. Katika nanosekunde moja, sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Ukiwa na vipokezi vitatu vilivyotawanyika, na kila kimoja kikarekodi ishara ileile kutoka transmita moja, tofauti za muda wa kufika zitakuonyesha transmita iko wapi, mradi saa za vipokezi hivyo zikubaliane. Hapo penye "mradi" ndipo wengi wetu tunapokwama. Mtu hununua antena nzuri, huipandisha juu ya paa, huandika programu ya kuchora ramani, kisha nukta inarukaruka kilomita mbili huku na kilomita mbili kule, naye huishia kuilaumu antena.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu haukuanzishi kwenye kitu unachotaka kukifuatilia. Utaanza kwa kupima tofauti ambayo unajua kabisa kwamba ni sifuri, kisha tofauti ndogo uliyoitengeneza mwenyewe, na baada ya hapo ndipo utakapotoka nje.

Vifaa

Redio tatu za USB za aina ya RTL-SDR, yaani vipokezi vidogo vinavyoendeshwa na programu ya kompyuta, zinatosha. Kila moja hutoa hadi sampuli (vipimo vya papo kwa papo vya wimbi) milioni 2.4 kwa sekunde bila kupoteza data, kwa hiyo kati ya sampuli moja na inayofuata zinapita nanosekunde 417, ambazo ni mita 125 za safari ya wimbi. Usikatishwe tamaa na namba hiyo, kwani ishara pana na yenye nguvu hukuwezesha kupima sehemu ya sampuli. Kila redio iwe na kompyuta yake ndogo, kwa mfano Raspberry Pi, na zote tatu ziwe za toleo moja, kwa sababu redio za matoleo tofauti huchelewesha ishara kwa viwango tofauti, na utapoteza siku nyingi kuisaka tofauti hiyo. Ongeza kigawanyaji kimoja cha antena, swichi ya antena na kipande cha kebo cha mita 20. Hivi vitatu ni vya majaribio ya mezani, na watu huvipuuza kwa sababu haviwekwi juu ya paa.

Chagua redio zenye kristali inayofidia joto. Kristali iliyo ndani ya redio hizi hutetema kwa megahezi 28.8, na ile ya kawaida inaweza kukosea kwa makumi ya sehemu kwa milioni. Kosa la sehemu moja tu kwa milioni lina maana kwamba kila sekunde saa ya redio hiyo inapotea kwa mikrosekunde moja, yaani mita 300. Kristali yenye fidia hukaa karibu na kiwango hicho au chini yake, lakini nayo ni nyeti. Jioni moja mchoro wangu wa kosa la saa ulikuwa ukiinama na kuinuka kila baada ya sekunde kumi na kitu, nami nikaipekua programu yangu mstari kwa mstari nikitafuta hitilafu. Kumbe feni ya mezani ilikuwa ikigeuka, na kila ilipofika upande wa kulia ilipuliza redio moja na kuiacha nyingine. Tangu siku hiyo redio zangu hukaa ndani ya kisanduku kilichofunikwa, na siamini kipimo chochote kabla hazijapata joto kwa nusu saa.

Saa ya pamoja bila kununua saa

Muda wa kompyuta unaosawazishwa kwa intaneti huwa sahihi kwa milisekunde chache. Milisekunde moja ni kilomita 300, kwa hiyo saa hiyo haifai kabisa kupima mahali. Inafaa kuzifanya kompyuta tatu zianze kurekodi kwa pamoja, basi. Usawazishaji wenyewe utautoa hewani.

Tafuta kituo cha redio cha FM au cha kidijitali ambacho vipokezi vyote vitatu vinakisikia vizuri, na ambacho mahali pa mnara wake unapajua. Rekodi sekunde tatu mfululizo: sekunde ya kwanza ukiwa kwenye masafa ya kituo hicho, ya pili kwenye masafa ya kitu unachokitafuta, na ya tatu umerudi kwenye kituo. Jambo la msingi ni kwamba mkondo wa sampuli usikatike hata mara moja, kwa sababu saa yako sasa ni hesabu ya sampuli. Programu ya kawaida ya kurekodi haibadilishi masafa katikati ya kazi, kwa hiyo itakubidi uandike yako juu ya librtlsdr, maktaba ya programu inayoendesha redio hizi, ikisoma sampuli mfululizo na kuhamisha masafa baada ya idadi fulani. Amri ya kuhama haitekelezwi kwenye sampuli ileile uliyoikusudia, na sampuli za milisekunde kadhaa baada ya kuhama huwa takataka. Zitupe, lakini ziendelee kuhesabiwa.

Sekunde ya kwanza inakuambia rekodi moja iko mbele ya nyingine kwa kiasi gani. Sekunde ya tatu inarudia swali hilohilo, na ikiwa majibu mawili yanatofautiana, tofauti hiyo ndiyo mwendo wa saa moja dhidi ya nyingine. Igawanye kwa usawa ili upate kosa lililokuwapo katikati, wakati ulipokuwa ukisikiliza kitu chako.

Kupata tofauti yenyewe ni kazi ya kutelezesha. Unachukua rekodi mbili za ishara moja, unatelezesha moja juu ya nyingine sampuli baada ya sampuli, na kila hatua unazidisha na kujumlisha. Pale jumla inapofika kilele, ndipo rekodi zinapolingana. Ukali wa kilele hicho unategemea upana wa masafa ya ishara. Ishara ya redio ya mawasiliano yenye upana wa kilohezi 12.5 hutoa kilele kinene chenye upana wa takriban kilomita 24, na unapaswa kukisia katikati yake. FM ya kilohezi 200 hukupunguzia hadi kilomita 1.5; redio ya kidijitali ya DAB, yenye upana wa megahezi 1.5, hukuleta kwenye mita 200, na ishara ikiwa na nguvu utapima sehemu ndogo tu ya upana huo. Ukitumia FM, chagua kituo kinachopiga muziki. Mtangazaji anaponyamaza kuvuta pumzi, wimbi lake hubaki jembamba, na kilele chako hulala.

Sifuri, kisha mita 20

Weka redio mbili mezani, antena moja, na kigawanyaji katikati, huku kebo mbili za kwenda kwenye redio zikiwa na urefu mmoja. Rekodi kama ilivyoelezwa, ukitumia kituo kimoja kama rejea, yaani cha kusawazisha saa, na kituo kingine kama "kitu". Kwa kuwa ishara zote zimepita antena moja, tofauti inayobaki baada ya kusawazisha inapaswa kuwa sifuri. Rudia mara 30 na uandike kila jibu.

Majibu hayo 30 ndiyo kipimo cha kweli cha mtambo wako. Yakitawanyika ndani ya nanosekunde 200, basi umekwisha kubeba kosa la mita 60 za njia ya wimbi kabla hujatoka chumbani, na hakuna antena itakayolipunguza. (Kwenye mstari ulionyooka kati ya vipokezi viwili, kosa hilo husogeza nukta kwa nusu yake, mita 30, kwa sababu kukisogelea kipokezi kimoja ni kukipa kingine kisogo; kwingineko kosa la nukta huzidi hapo.) Yakizunguka namba fulani isiyo sifuri, kuna ucheleweshaji wa kudumu ambao unaweza kuutoa. Yakiruka kwa mamia ya sampuli, basi mkondo umepoteza data, na mara nyingi sababu ni USB iliyoelemewa. Punguza kasi ya sampuli ujaribu tena.

Sasa hakikisha rejea haiguswi na kebo ndefu, yaani badilisha kebo kwa zamu: katika sekunde ya kwanza na ya tatu redio zote zipokee kupitia kebo fupi, na katika sekunde ya pili swichi ya antena ipitishe redio moja kwenye kebo ya mita 20. Ukiiacha kebo ndefu muda wote, rejea nayo itachelewa vilevile, usawazishaji utaimeza tofauti hiyo, nawe utaona sifuri na kudhani mtambo umekufa. Ndani ya kebo ya kawaida wimbi hukimbia kwa asilimia 66 ya kasi yake ya hewani, hivyo mita 20 huchelewesha nanosekunde 101, takriban robo ya sampuli. Ukiiona robo hiyo ikijitokeza juu ya mtawanyiko wa majibu yako, uko tayari kutoka nje.

Vipokezi vitatu nje

Tofauti moja ya muda kati ya vipokezi viwili haikupi nukta. Inakupa mchirizi uliopinda uitwao hipabola, na kitu kiko mahali fulani juu yake. Jozi ya pili inakupa mchirizi wa pili, na pale michirizi hiyo inapokatana ndipo kitu kilipo. Vipokezi vitatu vinatosha kwa kitu kilicho chini. Kwa kitu kilicho angani unahitaji cha nne, au ujue kimo chake kwa njia nyingine.

Kabla ya kuchora, kagua kila tofauti kwa kipimo kimoja rahisi. Ikiwa vipokezi viwili viko kilomita 10 kimoja kutoka kwa kingine, hakuna kitu popote duniani kinachoweza kutoa tofauti inayozidi mikrosekunde 33.4, kwa kuwa huo ndio muda wa wimbi kuvuka umbali wote. Jibu linalozidi hapo ni batili, litupe. Kumbuka pia kuongeza tofauti ya umbali wa kila kipokezi kutoka mnara wa rejea. Ni hesabu ndogo, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Panga vipokezi ili eneo unalolichunguza liwe ndani ya pembetatu yao. Nje ya pembetatu michirizi hukimbia karibu sambamba, na kosa dogo la muda huivuta nukta kilomita nyingi kuelekea mbali, ingawa mwelekeo wake hubaki mzuri. Majengo na vilima huakisi mawimbi, na mwakisi siku zote huchelewa, hauwahi; kwa hiyo vikitokea vilele viwili vilivyokaribiana, uzito uuweke kwenye kinachotangulia.

Ndege ni mwalimu asiyelipwa. Nyingi hutangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1090, takriban mara mbili kwa sekunde, katika ujumbe wa biti 112 unaochukua mikrosekunde 120 pamoja na utangulizi wake. Ndege iliyo kwenye kimo cha mita 10,000 inaweza kusikika hadi kilomita 400 hivi. Kwa kuwa inasema iko wapi, unaweza kukokotoa tofauti inayotarajiwa na kuilinganisha na uliyoipima, na hata kuitumia ndege hiyo kama rejea ya kusawazisha saa, kisha ukaitafuta nyingine ambayo inajibu rada bila kutaja mahali pake.

Ukipendelea saa halisi, nunua moduli ya GPS yenye mpigo mmoja kwa sekunde. Ukingo wa mpigo huo huwa sahihi kwa makumi ya nanosekunde. Usitegemee maandishi ya muda yanayotoka kwenye moduli hiyo, kwani huchelewa kwa sehemu kubwa ya sekunde. Hakikisha pia vipokezi vyote vinatumia muda wa aina moja, kwa sababu tangu Januari 2017 muda wa GPS umetangulia UTC, yaani muda rasmi wa kimataifa, kwa sekunde 18.

Mwenye kipokezi kimoja

Kipokezi kimoja nacho kina kazi yake. Mwaka 1957, baada ya satelaiti ya Sputnik kurushwa, William Guier na George Weiffenbach wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walisikiliza masafa yake yakishuka ilipokuwa ikipita, na kutokana na mshuko huo wakakokotoa njia yake. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kinaporusha sauti kwenye megahezi 145.800. Kinapochomoza masafa huwa juu kwa takriban kilohezi 3.5, na kinapozama huwa chini kwa kiasi kilekile. Rekodi mpito mzima na uchore masafa dhidi ya muda. Kosa la kudumu la kristali yako halidhuru, kwani linapandisha au kushusha mchoro wote bila kubadili umbo lake.

Tafuta pale mteremko ulipo mkali zaidi. Huo ndio wakati kilipokuwa karibu nawe kuliko wakati mwingine wote. Kikipita utosini, masafa hushuka kwa zaidi ya hezi 60 kila sekunde, na kadiri kinavyopita mbali ndivyo mteremko unavyolegea, kwa hiyo ukali wake unakupa umbali. Linganisha wakati huo na utabiri wa obiti, ukikumbuka kwamba kila sekunde moja ya tofauti ni kilomita 7.66 za safari yake.